Kupima mchanga wa kukwangulia meli kabla haujatupwa

Meli ikipandishwa chelezoni hapa Mombasa kupakwa rangi upya, rangi kuukuu hukwanguliwa kwa mchanga mkali unaorushwa na mashine ya upepo. Kazi ikiisha hubaki rundo jeusi, mchanga na unga wa rangi pamoja. Je, uende jaa la Mwakirunge na taka za kawaida, au ni taka hatari inayotaka gari lenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya? Kwa macho hutajua. Rangi nyingi za zamani zilitiwa metali za risasi na kromiamu, na tangu mambo ya Owino Uhuru, mtaa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, hapa mjini hakuna anayehitaji kuelezwa risasi hufanya nini kwa mtoto.

Hatua ya 1: Sampuli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hata maabara iwe nzuri vipi. Msimamizi ataniambia, "Mzee, si uteke tu hapo juu, jua linaua." Nakataa. Unga wa rangi ni mwepesi, na upepo wa kusi ukivuma siku mbili tatu huupeperusha wote wa juu. Ukiteka hapo unapima mchanga uliokwisha kusafishwa, huku sumu imelala ndani.

Chora rundo kwenye daftari, ligawe miraba, zipe namba, kisha piga kura. Kila mraba ulioangukiwa na kura, chimba mpaka ndani. Tumia sepetu ya plastiki au ya chuma cha pua. Iliyopakwa rangi itakuongezea risasi yake yenyewe. Mwaga vyote kwenye nailoni safi, changanya, fanya kichuguu, kibapaze, kikate robo nne. Tupa robo mbili zinazoelekeana, changanya zilizobaki. Rudia hadi ubaki na kilo mbili hivi. Tia kwenye chupa, andika lebo papo hapo. Ukingoja mpaka uvuke feri, utachanganya chupa.

(Kama taka yako ni mafuta machafu au rangi ya maji, tumia chupa ya kioo, ijaze hadi mdomoni na uiweke kwenye barafu. Mvuke ukitoroka, kipimo cha kuwaka kitakudanganya.)

Hatua ya 2: Vipimo vya haraka

Kwa taka ya majimaji, angalia pH (kipimo cha ukali wa asidi au alikali) na joto ambalo mvuke wake hushika moto. Kwa viwango vya Marekani, ambavyo maabara nyingi huvifuata, pH ya 2 kushuka chini au 12.5 kupanda juu ni hatari, na kimiminika ambacho mvuke wake hushika moto chini ya nyuzi 60 za Selsiasi pia ni hatari. Mchanga mkavu hauhusiki sana hapa. Songa mbele.

Hatua ya 3: Gawanya kwa 20

Kabla ya jaribio la gharama, lile la kuvujisha la hatua ya 4, pima risasi yote iliyomo. Jaribio lenyewe hutumia uzito wa maji mara 20 ya taka, kwa hiyo hata risasi yote ikitoka, haiwezi kuzidi jumla iliyogawanywa kwa 20. Ukipata miligramu 80 kwa kilo, jibu ni 4 kwa lita. Kikomo ni 5, basi umemaliza kwa upande wa risasi. Ukipata 600, endelea.

Hatua ya 4: Jaribio la kuvujisha

Hii ni mbinu namba 1311 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, iliyobuniwa kuiga taka inayooza jaani na kutoa majimaji makali. Chekecha mchanga upite tundu la milimita 9.5. Pima gramu 100, mimina kilo 2 za maji yenye asidi ya siki. Kwa kawaida mchanga wa meli hutumia yale ya pH 4.93, taka yenye saruji nyingi huhitaji yale makali ya 2.88, lakini usikisie, changanya kwanza taka kidogo na maji upime pH yake. Funga chupa, iweke kwenye mashine inayoizungusha kichwa chini miguu juu, mara 30 kwa dakika, kwa saa 18, chumba kikiwa nyuzi 23 hivi.

Nyuzi 23, Mombasa, mwezi wa Februari! Niliwahi kuondoka jioni mashine ikizunguka vizuri, stima zikapotea saa nane usiku. Asubuhi nikakuta chupa zimesimama, chumba kimekuwa tanuri. Nilimwaga zote nikaanza upya. Siku hizi mashine na kipoza hewa viko kwenye jenereta, na saa ya ukutani hunionyesha kama zilikatika.

Hatua ya 5: Kuchuja na kusoma

Chuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, tia asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, kisha soma kwa mashine kiasi cha kila metali. Risasi 5, kromiamu 5, arseniki 5, kadimiamu 1, zebaki 0.2, zote miligramu kwa lita: ikifika hapo, ni taka hatari. Pitisha pia chupa isiyo na mchanga. Ikionyesha risasi, kasoro ni yako.

Rundo likifeli, lipakie kwenye mapipa yenye vifuniko, yaandike, yaweke chini ya paa yakingoja gari la leseni. Na fanya hivyo kabla ya masika, maana maji ya mvua yakipita humo yatakuwa yamekufanyia hatua ya 4 bure, moja kwa moja hadi baharini.