Kupima na kubadilisha bobini ya pikipiki ya zamani

Pikipiki ya zamani inayowaka vizuri asubuhi mjini Goma, kisha ikazimika kabla ya kufika Sake na kuwaka tena ikishapoa, huenda bobini yake, yaani kifaa kinachokuza umeme ili bujia (plagi) itoe cheche, inashindwa na joto. Hata hivyo usikimbilie mtaa wa Birere kununua nyingine, kwa kuwa bobini nyingi hutupwa zikiwa nzima, na ubaya wenyewe uko kwenye bujia, kwenye kofia yake, au kwenye waya wa masi (unaorudisha umeme kwenye fremu na injini) uliolegezwa na barabara zetu za mawe ya volkano.

Anza na cheche. Fungua bujia, irudishe ndani ya kofia yake, uegemeze chuma chake kwenye injini mbali na tundu ilimotoka, maana humo hutoka mvuke wa petroli, kisha piga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Ikiwa ya njano au haipo, jaribu kwanza bujia mpya. Tafadhali usipige kiki kamwe waya mnene, ule unaotoka kwenye bobini kwenda bujia, ukiwa hewani, kwa sababu umeme uliokosa njia ya kwenda masi hutoboa kinga iliyo ndani ya bobini.

Kisha zima swichi, chomoa nyaya za bobini, na uizungushe kofia hadi itoke kwenye waya mnene. Gusanisha ncha za multimeta (kifaa cha kupima umeme) ikiwa kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na namba utakayoiona uiondoe katika vipimo vidogo vinavyofuata. Upande wa kwanza, unaopokea umeme mdogo, wa bobini ya volti 12 ya mfumo wa platini (swichi ndogo ya injini inayokata umeme ili cheche itoke) kwa kawaida husoma omu 3 hadi 5, ilhali wa bobini ya CDI (mfumo wa kielektroniki usio na platini), kama zile za pikipiki za Boxer, huwa chini ya omu 1. Upande wa pili, kutoka waya mnene hadi masi, hupimwa kwa maelfu ya omu, na kiasi kamili hutegemea aina ya pikipiki. Multimeta isiposoma chochote, waya umekatika ndani. Kofia pia ipimwe, kwani nyingi zina omu 5,000.

Kipimo cha bobini baridi, kwa maoni yangu, hakitoshi kuihukumu. Pima papo hapo injini inapozimika, na usiku uitazame injini ikiwaka gizani, kwani kinga iliyopasuka huonekana kwa cheche ndogo zinazorukia fremu, jambo ambalo multimeta haiwezi kulionyesha.

Unaponunua, usichanganye mifumo. Bobini ya omu 0.5 ikifungwa kwenye platini huvuta takriban ampea 24 badala ya 3, ikaunguza platini na yenyewe. Ya platini ikifungwa kwenye CDI hutoa cheche dhaifu. Kwangua kutu mahali inapokaa, kwa sababu bobini nyingi hupata masi kupitia chuma hicho. Kata milimita 5 za ncha ya waya mnene ikiwa imeoza, kaza kofia, kisha endesha hadi injini ipate joto kamili na urudie kipimo cha cheche.