Kusomea Uuguzi Uganda: Kwa Wadogo Zangu Mnaotoka Tanzania

Wadogo zangu wa Bukoba na Mwanza huniuliza kwanza ada ni kiasi gani. Mimi huwauliza: umeshaulizia kwenye mabaraza mawili? Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda ndilo litakalokusajili ukihitimu, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo litakalokupa leseni ukirudi nyumbani. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufundisha, lakini kozi yake ya uuguzi haitambuliki. Nilisoma na binti aliyehamia kwetu akiwa amemaliza miaka miwili kwenye chuo cha namna hiyo. Alianza upya mwaka wa kwanza. Mpaka leo inaniuma.

Matokeo ya kidato cha sita yapeleke UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yalinganishwe na ya kwao. Nenda na vyeti halisi, na uende mapema. Baiolojia na kemia ndizo zinazotazamwa sana.

Shahada ni miaka 4, iwe Chuo Kikuu cha Makerere kilichoko Kampala au cha Mbarara, magharibi mwa Uganda, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Mzazi apige hesabu ya kodi na chakula cha miaka 5.

Darasani ni Kiingereza, utakimudu. Wodini ndipo utakapohitaji msaada. Kampala mgonjwa atakuita "musawo", yaani mhudumu wa afya, na kukueleza shida yake kwa Kiluganda. Usitegemee Kiswahili; wazee wengi wa pale kinawakumbusha askari wa enzi za Idi Amin, waliokitumia. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia bibi mmoja, "Pole mama, unaumwa wapi?" Akajivutia shuka, akageukia ukutani. Mwenzangu Mganda akapiga goti kando ya kitanda, akasema taratibu, "Nnyabo," yaani mama, akajigusa tumbo: "Olubuto?" Bibi akageuka, akamshika mkono. Jioni ile nilianza kuandika maneno nyuma ya daftari: omutwe kichwa, olubuto tumbo, webale asante.

Kama wewe ni Mhaya, ifikirie sana Mbarara. Kinyankole na Kihaya ni ndugu, na ndani ya wiki chache utakuwa unaelewana na wagonjwa.

Halafu kile kitabu cha mazoezi ya vitendo. Kila jeraha ulilofunga, kila mama uliyemzalisha, lazima pawe na saini. Mfuate sista siku hiyohiyo, kabla hajakabidhi zamu. Akishahamishiwa wodi nyingine, utamtafuta muhula mzima.