Kabla hamjang'oa nanga Florida: leseni, majaketi na ile bendera nyekundu

Ikifika Juni simu yangu haipoi. Binamu yuko Houston, jirani wa zamani yuko Columbus, kijana wa mtu niliyesoma naye Tanga yuko sijui wapi, na wote wanakuja Florida, wote wanataka kukodi boti. Wamesikia habari za zile siku mbili za mwisho wa Julai, Jumatano na Alhamisi, ambapo watu wa kawaida wanaruhusiwa kuvua kamba-koche kabla msimu wenyewe haujafunguliwa tarehe 6 Agosti. Naandika mara moja ili nisirudie. Someni kabla hamjalipa.

Kadi kwanza. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baadaye haendeshi boti yenye injini ya nguvu farasi 10 au zaidi bila kadi ya mafunzo ya usalama wa boti. Mgeni wa siku chache anaweza kufanya mtihani wa cheti cha muda, kinachodumu siku 90. Ufanyie nyumbani, si gatini huku watoto wanalia njaa. Aliyezaliwa kabla ya hapo hadaiwi kadi, na ndiyo maana utakuta usukani amepewa mjomba ambaye hajawahi kuendesha hata ngalawa. Mjomba akae kivulini.

Jaketi la kujiokoa ni moja kwa kila kichwa, la saizi yake. Mtoto aliye chini ya miaka 6 analivaa, halikalii, boti ikiwa chini ya futi 26 na inatembea. Boti ya futi 16 au zaidi iwe pia na boya la kurusha. Mtungi wa kuzimia moto, honi na fataki za kuombea msaada uonyeshwe kwa macho, usiambiwe tu kwamba vipo, na fataki zisomwe tarehe. Ile kamba nyekundu inayozima injini dereva akianguka ifungwe mkononi: kwa boti zilizo chini ya futi 26 ni sheria ya nchi nzima tangu Aprili 2021, si mapambo ya usukani.

Pombe: kiwango ni 0.08 kama kwenye gari, na kwa aliye chini ya miaka 21 ni 0.02. Bia zibaki gatini.

Pikipiki ya majini hakodishiwi mtu aliye chini ya miaka 18 wala haiendeshwi na aliye chini ya 14, na kila anayeipanda avae jaketi. Jua likishazama, nusu saa tu, mwisho wake. Na mkiona bango la manatii, huyo mnyama mnene aliye ukoo mmoja na nguva wetu, punguzeni mwendo hata kama mbele yenu hamuoni chochote. Yeye yuko chini na hana haraka.

Sasa bendera. Hapa nitakaa.

Hii ndiyo inayowaambia wenye boti kwamba hapa kuna mtu anapiga mbizi. Ni nyekundu, ina mstari mweupe unaoshuka mshazari kutoka kona ya juu upande wa mlingoti. Ya kwenye boti isipungue inchi 20 kwa 24, itundikwe mahali pa juu kabisa, ionekane pande zote, na iwe na waya au kijiti ndani yake ili isijikunje upepo ukikata. Bendera iliyolala kama kanga kwenye kamba haihesabiki. Wengi wetu tunakwama kwenye swali la nani anatakiwa kuwa nayo. Tunadhani ni wale wenye mitungi ya hewa mgongoni. Sivyo. Ukivaa miwani na mrija wa kupumulia ukaingia majini, hata kama unaelea tu juujuu, sheria inakuita mpiga mbizi. Wanaosamehewa ni walio kwenye sehemu zinazotumika kwa kuogelea tu. Sisi tuliokulia pwani tunalichekea jambo hili. Kwetu mtu anazama kutafuta pweza na hakuna anayemuuliza bendera. Lakini kwetu pia hakuna boti mia tatu zenye injini mbilimbili zinazogombea mwamba mmoja asubuhi moja.

Mimi bendera nilikuwa nayo. Nataka mlielewe hilo. Tulikuwa sita, boti ya futi 22, kwenye mwamba upande wa bahari ya wazi huku visiwani Keys. Nilikuwa nimeipima kwa rula nyumbani, nikaitundika juu ya paa la boti, nikajisifu. Mimi nikabaki juu kama mlinzi, na chapati zangu.

Shemeji yangu alimwona kamba-koche chini ya jiwe, akamkosa, akamfuata jiwe la pili, la tatu. Uso umeangalia chini, mkondo unamsukuma kutoka nyuma taratibu, na yeye anajiona hodari wa kuogelea. Mtoto mmoja akaanza kutapika, nikainama kumshika. Niliponyanyuka nilikuta vichwa vitatu majini badala ya vinne.

Wakati huohuo boti ikaja kutoka kusini, kasi yote. Nahodha wake aliiona bendera yetu, nikamwona anakata kona kutukwepa kwa heshima kabisa. Alikwenda mbali nasi kama inavyotakiwa, na huko mbali ndiko alikokuwa shemeji.

Aliniambia baadaye kwamba injini aliisikia mapema sana ila hakujua inatoka wapi. Sauti majini inakwenda zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, inayafikia masikio yote mawili karibu kwa pamoja, na kichwa kinashindwa kusema ni kushoto au kulia. Akafanya alichoweza, akazama. Povu jeupe likapita juu yake. Alipoibuka, mrija haupo, pezi moja halipo, na hamu ya kamba-koche, kama asemavyo mwenyewe, imemtokea puani.

Nahodha yule alizima injini akarudi kwetu anatetemeka kuliko sisi. Afisa wa doria alipofika aliuliza swali moja: mtu wenu alikuwa umbali gani kutoka kwenye bendera? Karatasi ya faini tukapewa sisi, na ilikuwa haki yetu.

Kwa sababu futi 300 zina pande mbili. Mwenye boti anatakiwa ajitahidi kukaa futi 300 kutoka kwenye bendera kwenye maji ya wazi, na futi 100 mtoni, mlangoni mwa bahari au kwenye njia ya vyombo. Akilazimika kusogea zaidi, aende kwa mwendo mdogo kabisa, unaotosha tu boti kutii usukani. Na mpiga mbizi naye anatakiwa ajitahidi asitoke nje ya vipimo hivyohivyo. Futi 300 ni kama mita 91, goli mpaka goli kwenye uwanja mdogo wa mpira. Mtu mwenye mapezi anazimaliza kabla hujamenya chungwa.

Kwa hiyo: anayependa kuzurura avute bendera yake mwenyewe kwenye boya, inchi 12 kwa 12. Tangu 2014 linakubalika pia boya la pande tatu au nne lenye alama hiyo kila upande, ila hilo ni la majini, halitundikwi kwenye boti. Anzeni kuogelea kwa kuukabili mkondo, ili mkichoka uwarudishe botini badala ya kuwapeleka. Tupeni nyuma ya boti kamba ndefu yenye kiboya mwishoni. Na mlinzi awe mlinzi: hapiki, habembelezi mtoto, hashiki simu. Mtoto akitapika, atapike.

Watu wote wakishapanda, shusheni bendera. Inayopepea kutwa nzima hata boti ikiwa mbioni ni kosa, tena inawazoesha wengine kuipuuza. Ile ya buluu na nyeupe inayotumika kimataifa inaeleza hali ya chombo. Haichukui nafasi ya hii nyekundu.

Vipimo hivi ni vya Florida. Ukienda jimbo jingine, soma ya huko.

Mengine mnayajua. Maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani. Hali ya hewa iangaliwe asubuhi, kisha tena mchana, maana mvua za radi za hapa huzaliwa saa nane. Redio ya boti iwe chaneli 16, ile ya kuombea msaada. Mwachieni mtu wa nchi kavu habari ya mnakokwenda na saa ya kurudi. Na kabla ya kuwasha injini, hesabuni watu kwa sauti, kila mmoja aitike mwenyewe. Asiitikiwe na mkewe.