Jinsi ya kuomba wakili wa mahakama ukishikwa na kesi ya madawa ya kulevya ya federali Marekani (kabla hamjaanza mchango)

Mwaka jana kwenye apatimenti tunazokaa kijana wa jirani alishikwa saa kumi na mbili asubuhi na maajenti wa federali, yaani wa serikali kuu ya Marekani sio ya jimbo, kesi ya madawa, na kabla mama yake hajamaliza kulia group la WhatsApp lilikuwa limeshafunguliwa na watu wanatuma hela. Siku tatu tukapata dola 6,000. Tukampa wakili ambaye kumbe kazi yake ni ajali za magari, akaenda mahakamani mara moja tu, halafu akasema bila 25,000 nyingine hawezi kuendelea. Wiki sita zimekwenda hivyo. Na dogo siku ile ile ya kwanza alikuwa na haki ya kupewa wakili bila kutoa hata senti, ila hakuomba, maana alipoambiwa kuna wakili wa serikali alidhani ni yule anayemshtaki.

Hapo kwenye jina ndo watu wetu wengi wanapotelea. Dogo amekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na Tanzania ukisema wakili wa serikali unamaanisha mtu wa upande wa mashtaka, kwa hiyo sio ujinga wake. Huku ni kitu kingine kabisa. Kuna ofisi ya mawakili wa utetezi wa federali, wanalipwa na mahakama, lakini mteja wao ni wewe na siri zako wanazitunza kama wakili yeyote. Sheria yake ni ya mwaka 1964. Wengi wao hawafanyi kesi nyingine yoyote, ni federali tu kutwa nzima, wanawajua mahakimu na waendesha mashtaka wa pale, wana wachunguzi wao, na wakihitaji mtaalamu wa kupima madawa au wa simu wanaomba hela mahakamani. Ofisi ikiwa tayari inamtetea mwenzako kwenye kesi hiyo hiyo, unapewa wakili binafsi kutoka kwenye orodha ya mahakama, naye analipwa kwa saa, sio na wewe. Mimi nikishikwa kesho, wakili wa mahakama ndo namtaka.

Sasa namna ya kuomba.

Kwanza kabisa ni mdomo wako. Ukishikwa sema kwa sauti, nataka wakili, sitaongea bila wakili. Kama Kiingereza kinakusumbua sema kwa Kiswahili, au kariri haya matatu manne, I want a lawyer, inatosha. Kunyamaza peke yake hakutoshi, Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2010 ilisema mtu anayetaka kutumia haki ya kukaa kimya lazima aitamke. Ukishasema usirudi nyuma ukaanza kuelezea kidogo tu ili waone wewe ni mtu mzuri. Na usidanganye, kumdanganya ajenti wa federali ni kosa lake peke yake, hadi miaka mitano, hata kama lile la madawa likifutwa. Simu wakikuomba uwafungulie, au karatasi ya kuruhusu wapekue, jibu ni lile lile, wakili kwanza.

Pili ni siku ya kwanza mbele ya hakimu, kawaida siku hiyo hiyo au kesho yake. Hapa hakuna hukumu, hakimu anakusomea unachoshtakiwa, anakwambia haki zako, halafu anauliza kama una wakili. Hapo ndo unaomba. Na hapo hapo omba mkalimani, kesi ikiwa imefunguliwa na serikali ya Marekani mkalimani wa mahakamani ni bure, sheria ya 1978. Lakini taja lugha yako sawasawa tafadhali. Mama wa yule dogo anatokea Fizi kule Kongo, lugha yake ni Kibembe, na Kiswahili chake ni cha Kivu. Wakaletewa mtu kwenye simu anaongea Kiswahili cha Nairobi, haraka haraka, neno dhamana mama hakulielewa akaitikia tu ndio, ndio. Nilikuwa nimekaa nyuma nimeshika mfuko wake wa dawa za presha, sikuruhusiwa kusema kitu. Kama ni Kibembe sema Kibembe, kama ni Kinyamulenge sema hivyo, na kama hujaelewa sema sijaelewa mbele ya hakimu, hata mara kumi.

Tatu, fomu. Inaitwa CJA 23, ni karatasi ya kuapa kuhusu hali yako ya hela. Inauliza kazi unayofanya na mshahara wa mwezi, hela nyingine zinazoingia, cash uliyonayo na iliyoko benki, nyumba, gari, kitu chochote cha thamani, halafu watu wanaokutegemea, na matumizi ya mwezi, kodi ya nyumba, chakula, umeme, bima, mkopo wa gari, kadi za benki. Hapa watu wanafanya makosa mawili. Wa kwanza anaficha, ana gari mbili anaandika moja. Usifanye hivyo, unasaini chini ya kiapo na uongo ni kesi nyingine juu ya kesi. Wa pili anajionea aibu, anaandika kazi na mshahara halafu upande wa matumizi anaacha wazi, kama vile hana watoto. Jaza kila kitu. Hakimu haangalii kama wewe ni fukara wa kulala nje, anaangalia kama ukishatoa mahitaji yako na ya wanaokutegemea inabaki hela ya kumlipa wakili anayeiweza kesi ya namna hii, na mwongozo wa mahakama unasema wakiwa na wasiwasi waamue upande wako. Hela ya shemeji au ya kanisa haihesabiwi kama yako, labda ndugu wenyewe waseme tutamlipia wakili na wanaweza kweli sasa hivi. Kama kuna jibu unaona linagusa kesi, mfano hela ilitoka wapi, usiandike peke yako, mara nyingi wakili wa zamu yuko pale pale chumbani, mwite kwanza.

Ukikubaliwa lakini una hela kidogo hakimu anaweza kukuagiza uchangie baadae. Na kama mlishamlipa wakili hela ikaisha katikati, bado mtu anaweza kuomba wa mahakama, kesi ikiwa hatua yoyote, anajaza fomu hiyo hiyo na anaeleza. Ndivyo tulivyofanya sisi mwishoni.

Kabla ya dhamana kuna ofisa wa mahakama atakuja kukuhoji, unaishi wapi, na nani, kazi, afya, ulishawahi kutumia nini. Huyu sio polisi, ila omba wakili awepo, na habari za kesi yenyewe usiziongelee kabisa. Serikali ikitaka ubaki ndani kunakuwa na kikao, waendesha mashtaka wanaweza kuomba siku tatu za kujiandaa, upande wako hadi tano, wikiendi haihesabiwi. Kwenye kesi kubwa za madawa sheria inaanza kwa kudhani unatakiwa kubaki ndani, wakili ndo anapambana kuonyesha kinyume. Hapa ndo jamii inahitajika kuliko kwenye hela! Njooni mkae mahakamani siku ya kikao, mchungaji au shehe aje, bosi wa kazini aandike barua, mtu mwenye nyumba akubali kumpokea. Mchango kama upo mlipieni mama kodi ya nyumba.

Kwa nini nasisitiza wakili wa federali na sio yeyote tu, ni kwa sababu miaka inahesabiwa kwa gramu. Gramu 500 za kokeini au 100 za heroini, kuanzia miaka mitano. Kilo 5 za kokeini au 1 ya heroini, kuanzia kumi. Fentanili gramu 40 tu za mchanganyiko, mitano tayari, na unahesabiwa uzito wote pamoja na kilichochanganywa humo. Parole ya federali, yaani kuachiwa mapema kabla kifungo hakijaisha, ilifutwa kwa makosa ya kuanzia Novemba 1987. Kuna mlango wa kushuka chini ya hiyo miaka kwa ambao hawana rekodi nzito na hawakutumia silaha, ulipanuliwa mwaka 2018, lakini una masharti na ukikosea kidogo mlango huo unafungwa. Na miraa jamani, kule Meru ni zao la biashara, huku ina kathinoni ambayo iko kwenye kundi la kwanza la madawa yaliyopigwa marufuku, msikubali kupokea vifurushi vya watu.

Kama sio raia, mwambie wakili siku ya kwanza, ukimbizi, grini kadi, chochote ulichonacho. Tangu 2010 wakili wa utetezi analazimika kukwambia ukikiri kosa itakuwaje upande wa uhamiaji, na kwa madawa karibu kila kosa linaweza kukufukuzisha nchi. Usisaini kukiri kitu kabla hujapata hilo jibu kwa lugha unayoielewa.

Wakili hutamchagua wewe. Mkishindwana kabisa unaweza kuomba hakimu abadilishe, kwa sababu za maana, sio kwa kuwa hakupokea simu Jumamosi.

Na simu za jela zinarekodiwa. Mama alikuwa anaongea Kibembe akidhani hakuna anayeelewa, wakili akamwambia wanatafuta mtafsiri na inaletwa mahakamani imeandikwa kwa Kiingereza. Sasa hivi akipigiwa anaongea habari za wadogo zake na shule, wanaomba pamoja, basi. Habari za kesi zinasubiri wakili aende.