Namna ya Kusafirisha Ndege ya Mabomu Iliyokarabatiwa kutoka Bandari ya Mombasa hadi Malindi

Mwaka 1940 ndege za Italia ziliudondoshea mabomu mji wa Malindi, mji ambao leo Kiitaliano husikika sokoni bila mtu kugeuka kutazama. Kikundi chochote kinachotaka kuonyesha hapa ndege ya Vita vya Pili vya Dunia kina sababu nzuri ya kufanya hivyo, lakini kinapaswa kujua mapema kwamba shehena ya namna hii haisumbui kwa uzito bali kwa umbo lake.

Tuchukue mfano wa Bristol Blenheim ya aina ya nne, ndege ya Uingereza yenye injini mbili. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ina takriban mita 17, urefu wake ni karibu mita 13, na ikiwa tupu haizidi sana tani 4.4, uzito ambao lori la mchanga huubeba bila taabu. Kontena la futi 40, kwa upande wake, lina nafasi ya ndani ya mita 12 kwa urefu na mita 2.35 tu kwa upana. Kwa hiyo ndege haina budi kufunguliwa, na inafaa ifunguliwe pale tu ambapo watengenezaji waliweka viungo vyake. Fundi anayeshauri kukata chuma ili kurahisisha safari asipewe kazi hiyo.

Kabla bolti yoyote haijaguswa, hatari zilizojificha ndani ya ndege ziondolewe. Matangi ya mafuta yamwagwe kisha yapitishiwe hewa hadi mvuke uishe, kwa sababu tangi lililobaki na mvuke huweza kulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa. Mitungi ya oksijeni na mifumo ya haidroliki ipunguzwe shinikizo, na mtaalamu athibitishe kwamba hakuna fataki wala risasi iliyosahaulika. Saa za rubani, yaani vipimo vyenye mishale vilivyo mbele ya kiti chake, zinastahili uangalifu wa pekee: nyingi za enzi hizo zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani. Rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka, lakini radiamu yenyewe hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo saa iliyofifia bado ina mionzi. Vioo vyake visifunguliwe, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya ijulishwe kabla meli haijang'oa nanga. Bunduki, hata zilizoharibiwa makusudi zisifanye kazi, zinahitaji kibali cha silaha. Ni afadhali kuziacha zilikotoka na kuweka za mbao, kwa kuwa mtazamaji aliye nje ya kamba hataona tofauti.

Katika kufungua, rafadha hutangulia, kisha injini, halafu mabawa ya nje, mkia na sehemu za kiwiliwili. Kila bolti itiwe katika mfuko wenye namba, na kila kiungo kipigwe picha kabla na baada ya kufunguliwa. Bawa husafiri likiwa limesimama kwa ukingo wake wa mbele, ndani ya fremu ya mbao iliyowekwa mpira au blanketi nene, wala halilazwi juu ya mbavu zake nyembamba. Sehemu ya katikati, ile inayobeba injini zote mbili, ndiyo yenye ukaidi. Ikipakiwa kama inavyokaa angani hupita upana wa lori pande zote mbili. Ikigeuzwa robo duara, ule upana wake hulala kwa urefu wa trela, na kinachobaki kuvuka ukingo ni kipimo cha bawa kutoka mbele hadi nyuma. Hata hivyo itahitaji trela la chini na kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Kibali hicho kiombwe sambamba na karatasi za forodha, maana mzigo unaosubiri karatasi bandarini hutozwa gharama za kuhifadhiwa.

Njia ikaguliwe na mtu aliyebeba fimbo yenye kimo cha mzigo. Kutoka Kilindini msafara huvuka daraja la Nyali, hupita Mtwapa na kufika Kilifi, ambako daraja lililofunguliwa mwaka 1991 lilituondolea feri. Wazee wanaoikumbuka wataelewa neema hiyo. Madaraja yenyewe si kikwazo. Kinachozuia ni nyaya za umeme zilizolegea, matawi ya miembe, matuta, na vibanda vilivyosogea hadi ukingoni mwa lami. Safari ifanywe Januari au Februari, wakati wa kaskazi, kabla ya masika kulainisha uwanja ambamo winchi itasimama. Mikanda ya kufungia ipite juu ya fremu, kamwe isipite juu ya ngozi ya alumini, na ikaguliwe upya baada ya kilomita chache za kwanza, kwa sababu mbao hujikaza na mikanda hulegea.

Uwanjani, winchi inyanyue kwa ndoano zilizokusudiwa na mtengenezaji pekee. Miguu ya magurudumu ifungwe kwa pini, na uzito ubebwe na nguzo za chuma chini ya viungo imara, si na matairi yaliyozeeka. Upepo wa kusi unaweza kuinyanyua ndege nyepesi yenye mabawa mapana, hivyo minyororo ifungwe kwenye zege tangu siku ya kwanza.

Chumvi ya bahari ni adui wa kudumu. Bolti ya chuma iliyogusa alumini penye unyevu wa chumvi huila alumini, basi kati yake pawekwe kizuizi cha plastiki au nta maalumu. Ndege ioshwe mara kwa mara kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima, kwani visima vingi karibu na ufuo vina chumvi. Matundu ya kutolea maji chini ya kiwiliwili yazibuliwe kabla ya kila masika, na ndani yake pakaguliwe kama kuna ndege wa kawaida waliojenga viota.