Somo: Boga la kroshia na jani lake kwa nyumba ya vuli

Ndugu zangu wafumaji, kama nilivyoahidi, leo tunafuma boga.

Nyumbani Tanga tukisema vuli tunamaanisha mvua za Oktoba hadi Desemba. Hapa Minnesota, Marekani, neno hilohilo tumelivika msimu mwingine kabisa: miti ya mepo (maple) inakuwa myekundu, jua linazama mapema, na ukiingia ndani unaingia na majani yaliyogandia kwenye viatu. Ni miezi ya kukaa ndani, na mtu akikaa ndani anaanza kuitazama nyumba yake. Mama yangu alipamba sebule kwa vitambaa vya kroshia, kila kiti na cha kwake, hadi redio ilivikwa. Mkono alionizoesha yeye ndio ninaofumia maboga haya.

Maboga halisi ya sokoni ni mazuri, ila ukiyaweka kibarazani yanapigwa na baridi kali, yanalainika, na kindi wanayamaliza. La uzi unalitoa kabatini kila mwaka.

Vifaa: uzi wa sweta wa unene wa kati, ule ambao lebo yake ina namba 4, bonge moja la gramu 100 (utabaki), uzi kidogo wa kahawia na wa kijani, sindano ya kroshia ya milimita 5, sindano ya mkono yenye tundu kubwa, mkasi, na pamba ya kujazia mito.

Kuhusu rangi nina msimamo. Usinunue rangi ya chungwa inayong'aa kama koti la mfanyakazi wa barabarani. Toka nje, okota majani matano, nenda nayo dukani uyalaze juu ya nyuzi. Utaona kwamba vuli ina rangi ya kutu, haradali, udongo wa kuchoma, na kijani kilichochoka. Njano ile ilikuwa ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Kijani kikiondoka, inajitokeza. Ndiyo maana jani moja linaweza kuwa na rangi zote mbili, na ndiyo maana haradali na kijani kilichofifia hazigombani ukiziweka pamoja. Boga la rangi ya maziwa nalo linapendeza sana katikati ya mawili ya kutu.

Majina ya mafundo ninayotumia. Mnyororo: zungusha uzi, vuta upite kitanzi kilicho kwenye sindano. Fundo fupi: ingiza sindano, vuta uzi, una vitanzi viwili, zungusha uzi, vuta upite vyote viwili. Fundo la kati: zungusha uzi kwanza, ingiza, vuta uzi, una vitanzi vitatu, zungusha, vuta upite vyote vitatu kwa mara moja. Fundo refu: anza kama la kati, lakini ukiwa na vitanzi vitatu, zungusha, vuta upite viwili, zungusha tena, vuta upite viwili vilivyobaki.

Hatua ya 1. Fuma mnyororo wa vitanzi 26. Acha mkia wa uzi wa sentimita 30 mwanzoni, utaushonea. Ruka kitanzi cha kwanza kutoka kwenye sindano, kisha fuma fundo la kati katika kila kimoja. Hesabu: 25.

Hatua ya 2. Hapa ndipo boga linapozaliwa, kwa hiyo twende polepole. Fuma kitanzi kimoja cha mnyororo, geuza kazi. Sasa itazame kwa juu. Kila fundo lina nyuzi mbili zimelala pamoja kama msuko wa nywele. Ulio karibu nawe ni wa mbele, ulio mbali ni wa nyuma. Chomeka sindano chini ya ule wa nyuma tu, ule wa mbele uache. Uzi ulioachwa unabaki umelala mbele, na mistari miwili ikikamilika kitambaa kinakunjika chenyewe na kutoa tuta. Boga langu la kwanza nilipita chini ya nyuzi zote mbili. Likatoka laini, duara kama mpira, halina matuta hata moja, nikalifumua lote. Siku ile ndiyo nilielewa kwamba umbo la boga haliletwi na pamba, linaletwa na ule uzi mmoja unaouacha.

Endelea hivyo hadi mistari 36. Vuta kitambaa kwa upana: kinanyooka na kurudi kama mkono wa sweta, na una matuta 18.

Hatua ya 3. Kata uzi ukiacha mkia wa sentimita 60. Kutanisha mstari wa kwanza na wa mwisho, shona uzi kwa uzi, upate bomba.

Hatua ya 4. Pitisha sindano ya mkono kuzunguka mdomo mmoja wa bomba, ukichota kila tuta. Vuta hadi tundu lifungike, kaza kwa fundo mara mbili. Geuza kama mshono unataka kwenda ndani.

Hatua ya 5. Jaza pamba, lakini usishindilie. Likibonyezwa kwa kidole gumba lizame kidogo na kurudi. Funga mdomo wa juu kama ulivyofunga wa chini.

Hatua ya 6. Chukua mita 2 za uzi uleule. Ingiza sindano katikati ya chini, itokeze katikati ya juu, shusha uzi kwa nje ukifuata bonde kati ya matuta, ingia tena chini. Vuta mpaka uone boga linagawanyika. Hesabu matuta matatu, rudia. Ukizunguka lote unapata vipande 6 vilivyo sawa. Kila ukivuta, boga linafupika na kutanuka. Hapo jicho lako ndilo litaamua lini pameshatosha.

Kikonyo: zungusha uzi wa kahawia kwenye vidole viwili, fuma mafundo mafupi 6 ndani ya pete hiyo, vuta mkia ifungike. Fuma mizunguko 6 ya mafundo 6 bila kuongeza. Mzunguko wa mwisho weka mafundo mawili katika kila moja, yawe 12, mdomo utatanuka na kukaa vizuri juu ya boga. Shona.

Jani: mnyororo wa 9. Ruka cha kwanza, kisha fupi 1, kati 1, refu 3, kati 1, fupi 1, na mafupi 3 katika kitanzi cha mwisho. Usigeuze, zunguka upande wa chini wa mnyororo huohuo: fupi 1, kati 1, refu 3, kati 1, fupi 1. Funga. Ukitaka na kikamba cha kujisokota kama cha mmea wa boga halisi, fuma mnyororo wa 20, kisha mafundo mafupi matatu katika kila kitanzi. Inajisokota yenyewe mkononi.

Majani yakizidi, yafunge kwenye mnyororo mrefu, utundike dirishani.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, kitambaa changu kinapungua pembeni. Nilianza 25, sasa nina 22. Ninakosea wapi?
Mwisho wa mstari, mpenzi. Fundo la mwisho linajificha likitumia uzi wa nyuma, na wengi hugeuza kabla ya kulifuma. Chomeka pini ndogo kwenye fundo la kwanza la kila mstari. Ukirudi, hilo ndilo la mwisho wako. Na hesabu kila mstari hadi mkono uzoee.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Arusha, sindano niliyonayo ni ya milimita 3.5 na nyuzi ni nyembamba za vitambaa. Nitaweza?
Marahaba. Utaweza. Shika nyuzi mbili au tatu pamoja kama moja mpaka ziujaze mdomo wa sindano. Boga litatoka dogo na gumu kidogo, zuri kwa kuweka juu ya meza ya chai. Hesabu za mafundo usibadili.

Auntie, nimefuata video na ya Mwingereza ikanitoa kitu tofauti kabisa na ya Mmarekani.
Ndiyo, majina yanagongana. Fundo fupi Wamarekani huliita singo, Waingereza huliita dabo, na refu la Mmarekani kwa Mwingereza ni trebo. Kabla ya kuanza mtindo wowote angalia umeandikwa kwa lugha ya nani. Ukiona singo imetajwa, ni ya Kimarekani.

Mama, huku Iowa pamba ya mito ni bei. Naweza kuweka vipande vya nguo? Na sufi je?
Vipande vya nguo vinafanya boga zito lenye vinundu, labda uvikatekate sana. Sufi ni nyepesi na inapendeza, lakini nyuzi zake zinapenya kwenye matundu ya mafundo. Itie kwanza ndani ya soksi ya zamani, funga, ndipo uvike boga. Na sufi inashika moto haraka sana, kwa hiyo mbali na mshumaa na hita.

Sisi hatusherehekei Halloween, ile sikukuu ya vinyago ya Oktoba 31, kwa ajili ya dini yetu. Boga si ni la mambo hayo?
Swali hili limenifikia mara nyingi, nalo ni la haki. La Halloween ni lile linalochongwa sura. Boga lisilo na sura ni zao la mavuno, na watu huliweka tangu Septemba hadi sikukuu ya Shukrani, ambayo Marekani ni Alhamisi ya 4 ya Novemba na Kanada ni Jumatatu ya 2 ya Oktoba. Mimi sichori macho wala mdomo, na langu linakaa hadi Novemba iishe. Moyo wako ukikataa, fuma majani peke yake, yanatosha kuipamba sebule.

Nimelipiga pasi jani lilale vizuri, limelegea na kung'aa. Linarudi?
Pole sana, halirudi. Uzi wa akriliki, yaani wa plastiki, ukiguswa na pasi ya moto unapoteza uhai wake. Mara nyingine lilowanishe, libane kwa pini juu ya taulo, liache likauke lenyewe.

Na kufua je, dada?
La akriliki, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, libonyeze usilisokote, likandamize ndani ya taulo, likaushe penye hewa kwa siku mbili hata tatu kwa sababu katikati hukawia. La sufu maji yawe ya baridi na usilisugue, maana litajikunyata na kuwa gumu. Ukilihifadhi, sufu liweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri, nondo wanaipenda.