Kabla hujamkabidhi wakala zamu ya usiku, kagua nyaraka za zana yake

Ninatunza seva za kampuni ndogo hapa Dar. Siku hizi zamu ya usiku anashika wakala wa akili mnemba: anasoma hali ya kila prosesi, yaani kila programu inayoendelea kufanya kazi kwenye seva, kisha anaamua aiwashe upya au aniamshe. Wenzangu huuliza nimechagua zana gani ya kuangalia afya ya prosesi. Zana zenyewe hazijapishana sana; mimi naanza na nyaraka. Fundi akikutana na neno lisiloeleweka atamuuliza mwenzake. Wakala atajiongeza, tena bila wasiwasi wowote, na saa tisa usiku hakuna wa kumkatiza.

Anza na maneno ya hali. Chukua Supervisor, zana ya kuwasha na kusimamia prosesi. Nyaraka zake zinataja hali zote, kuanzia STOPPED na STARTING hadi FATAL na UNKNOWN, na kuna mchoro wa hali ipi inaelekea ipi. Hapo nawapa heko. BACKOFF maana yake prosesi ilianza ikafa mapema mno. FATAL maana yake imeshindikana kuwashwa na haitawashwa tena yenyewe. Wakala akizisoma hizo mbili anajua pa kusubiri na pa kuniamsha.

Shida iko kwenye RUNNING. Prosesi hupewa jina hilo ikidumu kwa muda wa `startsecs`, ambao usipoubadilisha ni sekunde 1. Yaani iko hai, basi. Kama inahudumia watu au imezubaa, hiyo ni habari nyingine.

Usibishane na mtu kuhusu hilo, jaribu. Kwenye mashine ya majaribio tafuta namba ya prosesi ya tovuti, kisha uipige `kill -STOP`. Inaganda palepale. Fungua tovuti: kiduara kinazunguka tu. Sasa andika `supervisorctl status`. Utaona RUNNING, na muda wa kuwa hewani unazidi kupanda kana kwamba mambo ni shwari. `ps`, amri ya kuorodhesha prosesi, ndiyo inayosema kweli, kwa herufi moja tu, T, yaani imesimamishwa. Ukimaliza, `kill -CONT` huizindua. Rudi kwenye nyaraka utafute sentensi ambayo ingemtahadharisha wakala. Usipoiona, huo ni upungufu, uandike. Prosesi iliyogandishwa hivyo itaidanganya pia systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, ila mwongozo wake unaeleza `WatchdogSec=`: huduma inajiripoti yenyewe kila baada ya muda, na ikinyamaza inahesabiwa imeshindwa. Sharti huduma iwe imeandikwa kufanya hivyo.

Kisha ulizia kitu ambacho hakipo. Kosea jina makusudi kwenye `systemctl is-active`, amri ya systemd ya kuuliza kama huduma iko hai, nayo itakuandikia `inactive`, sawasawa na huduma iliyozimwa kihalali. Mtu angeshtuka kwamba amekosea herufi. Wakala anaweza kukaa akijaribu kuwasha mzimu. Nyaraka nzuri zinakuonyesha namna ya kutofautisha hayo mawili.

Ambacho sikisamehe ni amri zinazobadilisha mambo zikiwekwa pamoja na zile za kutazama tu, bila onyo. `systemctl reload` huiambia huduma isome upya mipangilio yake. `supervisorctl reload` huwasha upya Supervisor yenyewe pamoja na vyote vilivyo chini yake! Wakala aliyezoea systemd ataingia mtegoni mchana kweupe.

Mipaka ya kuwasha upya nayo itajwe kwa namba. systemd kwa kawaida hukubali kuwasha mara 5 ndani ya sekunde 10, halafu hugoma, na hata kuwasha kwa mkono kunahesabiwa. Mwongozo unataja `reset-failed` ya kufuta hesabu hiyo, lakini mimi ningemnyima wakala ruhusa ya kuitumia.

Mwongozo huohuo una sentensi moja ninayoipenda: unasema `systemctl status` imekusudiwa kusomwa na binadamu, na anayetaka kuchambua kwa programu atumie `show`. Waandishi wengi hawakumbuki hata kulitaja hilo.

Mwisho mpe wakala kurasa hizo na maswali kama kumi. Prosesi iko BACKOFF, utafanya nini? Amri gani haibadilishi chochote? Angalizo: zana maarufu ameshazisoma kwingine, kwa hiyo anaweza kujibu vizuri ilhali nyaraka zako ni mbovu. Mlazimishe anakili sentensi aliyotoa jibu lake. Au badilisha majina ya hali kwenye nakala ya majaribio, RUNNING iwe neno la kubuni, uone kama anafuata ukurasa au anafuata mazoea. Pale anapokosa sentensi ya kunakili, andika wewe maelezo hayo kwenye ukurasa mmoja wa nyongeza, uuweke mbele ya nyaraka, na urudie maswali yaleyale.